Tonge la Wali Chini ya Mlima Iwaki

Mpenzi msomaji, kama umeolewa bila shaka unaikumbuka siku uliyopika wali kwa mara ya kwanza jikoni kwa mama mkwe. Sisi tunaikumbuka. Mchele ulichaguliwa mawe na chenga mara mbili, mafuta yakatangulia, maji yakapimwa kwa kidole, na mwishoni mkaa ukapaliwa juu ya mfuniko ili kila punje isimame peke yake. Wali uliochambuka ulikuwa sifa ya bibi harusi. Ukitoka mashendea, hata kama hakuna aliyesema neno wakati wa kula, habari zilifika kwa mawifi kabla ya jioni.

Basi fikiria mshangao wetu tulipofika katika nchi ambako wali tuliofundishwa na mama zetu ungehesabiwa kuwa umeharibika, na ule uliotutia aibu ndio unaosifiwa.

Ilikuwa Novemba 2024. Sisi wanawake watano wa umoja wa wanawake wa kanisa letu hapa Moshi tulialikwa kwa siku kumi na wanawake wa kanisa moja dogo katika mji wa Hirosaki, mkoa wa Aomori, kaskazini kabisa ya kisiwa kikubwa cha Japani. Wakristo wa Japani ni wachache, wapatao mmoja katika kila watu mia, lakini Hirosaki una makanisa ya zamani, likiwamo moja la mbao lililojengwa mwaka 1906, na watu wake wamezoea kupokea wageni. Habari za pasipoti, viza na harambee ya nauli tunaziacha. Zingejaza gazeti zima.

Kwanza tulipanga kwenda wanne. Wa tano tulimwongeza baadaye, na ni lazima tueleze sababu.

Mwenzetu huyo alifiwa na mtoto wake wa kwanza mwezi Machi mwaka ule, kwa ugonjwa wa siku tatu tu. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Nanyi mnajua desturi yetu: mwanamke akishajifungua, jina lake mwenyewe huwekwa kando, akaitwa Mama Fulani. Kwa miaka tisa tulimwita kwa jina la mtoto yule, sokoni, kanisani, kwenye kikoba. Baada ya mazishi hatukujua tumwite nani. Kulitaja jina tuliona ni kumchoma. Kuliacha tuliona ni kama kumzika mtoto mara ya pili. Tukaanza kumwita "dada." Aliitika, lakini tuliona uso wake kila tulipomwita hivyo.

Na chakula kilimshinda. Alikuwa akiwapikia mume na wadogo wawili waliobaki, akawapakulia, kisha yeye mwenyewe akala vijiko viwili na kusema ameshiba. Tulimpelekea mtori, chakula ambacho mwanamke wa huku hakikatai hata akiwa mgonjwa. Bakuli lilipoa mbele yake. Mumewe ndiye aliyekuja kwetu, akasema, "Akina mama, nendeni naye. Labda huko atakula."

Tonge la kwanza la wali tulikutana nalo ndani ya treni. Kutoka Tokyo treni ya mwendo kasi, Shinkansen, huchukua saa tatu na ushee kufika Shin-Aomori, na mwenyeji aliyekuja kutupokea alikuwa ametununulia chakula cha njiani katika duka dogo la stesheni. Kilikuwa wali ulioshindiliwa kwa umbo la pembetatu, ukafunikwa kwa mwani mweusi mkavu uliotengenezwa kama karatasi. Mwani huo huitwa nori, na tonge lenyewe huitwa onigiri. Neno hilo linatokana na kufumbata kwa kiganja. Wengine huliita omusubi, kutokana na kufunga au kuunganisha. Maduka ya Seven-Eleven ya huko yalianza mwaka 1978 kuuza matonge yenye mwani uliotengwa na wali kwa nailoni, ili usilowe. Nailoni hiyo ina namba 1, 2 na 3 za kuonyesha jinsi ya kuifungua. Sisi tulianza na 3. Mwani ukabaki ndani ya nailoni, wali ukatuangukia mapajani, na mmoja wetu ambaye hatutamtaja alitafuna kipande cha nailoni akidhani ni sehemu ya chakula. Mwenzetu alicheka kidogo. Lakini tonge lake alilitia mkobani, na usiku tulilikuta humo bado.

Chakula hiki ni cha zamani mno. Mwaka 1987, katika mkoa wa Ishikawa, wachimbaji wa mambo ya kale walipata bonge la wali lililoungua likawa kama mkaa, lililofinyangwa kwa mkono wa mtu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Tulipoambiwa hayo tulitazamana. Tonge! Sisi tuliokua tukilishwa kwa mkono wa bibi, tonge moja mdomoni mwa huyu na jingine mdomoni mwa yule, tulidhani ni jambo la kwetu peke yetu.

Hirosaki ni mji wa matufaha, yale tunayoita maepo. Mkoa wa Aomori hutoa zaidi ya nusu ya matufaha yote ya Japani, na tulifika wakati wa kuyamalizia kuyachuma. Juu ya mashamba unasimama Mlima Iwaki, peke yake, na theluji kichwani. Urefu wake ni mita 1,625, kwa hiyo mbele ya Kilimanjaro wetu wa mita 5,895 ni mtoto mdogo. Lakini mtu wa Moshi akiamka asubuhi macho yake hutafuta mlima kabla ya kutafuta maji ya kunawa, nasi tulifarijika kuona kwamba hata huko wenyeji hufanya hivyo hivyo.

Tulilala nyumbani kwa bibi mmoja mjane aliyepita miaka themanini. Tulimwita Bibi, naye alilipenda neno hilo akalijifunza. Binti wa kanisani kwao aliyejua Kiingereza ndiye aliyetufasiria. Asubuhi mbili za kwanza mwenzetu hakuja mezani. Alisema ni uchovu wa safari. Bibi hakuuliza kitu. Asubuhi ya tatu alikuja mlangoni pa chumba chetu kabla ya mapambazuko, akatuashiria kwa mkono twende jikoni, na mwenzetu akamshika kiwiko akamwinua kama mtu anayemwinua mjukuu.

Mchele alikuwa ameshaulowesha. Alituonyesha kwa mchele mwingine jinsi ulivyooshwa: maji yanamwagwa upesi, punje zinazungushwa kwa vidole bila kukandamizwa, maji yanabadilishwa mpaka yanakaribia kuwa meupe kama ya kisima. Kisha unalala majini nusu saa, na wakati wa baridi zaidi. Kwa vikombe viwili vya mchele ule wa punje fupi alitia maji vikombe viwili na robo hivi. Hapakuwa na mafuta, wala nazi, wala chumvi. Alifunika, moto ukawa mkali mpaka ulipochemka, kisha mdogo kwa dakika kumi na mbili, kisha akauzima na kuuacha wali umefunikwa dakika nyingine kumi na tano. Mmoja wetu alinyoosha mkono afunue, kama tunavyozoea kuchungulia, naye Bibi akampiga kofi jepesi mkononi. Hapo hatukuhitaji mfasiri.

Inafaa tueleze kwa nini wali ule hushikana. Mchele una wanga wa aina mbili, amilosi na amilopektini. Mchele mrefu tunaoupenda una amilosi nyingi zaidi, na ndiyo huzifanya punje ziachane. Mchele mfupi wa Japani una amilosi kidogo, hivyo hunata wenyewe bila kuwa uji. Kumbe mama mkwe alikuwa akipima amilosi!

Bibi aliutandaza wali kidogo kwenye ubao ili mvuke upungue, ila usipoe, maana wali uliopoa haushiki. Alilowesha viganja, akajipaka chumvi, akachukua wali wa kujaa kiganja, na katikati akatia umeboshi. Hilo ni tunda dogo la jamii ya plamu lililokaa katika chumvi na majani mekundu ya shiso, kisha likaanikwa juani. Ni chachu na lina chumvi kiasi cha kukufumbisha macho. Halafu akafumbata. Sisi tulitegemea angelibana kama tunavyobana ugali. Hapana. Alilizungusha kwa wepesi mara chache, liwe duara, akasimama. Mfasiri akatuambia kwamba Bibi anasema ukilikaza sana punje hazipumui, na ukililegeza mno litamvunjikia mlaji mkononi. Mwishowe alilifunika lote kwa mwani, akafunga mawili mawili ndani ya taulo dogo safi. Tulimwuliza kwa nini si nailoni. Akasema nailoni hutoa jasho na wali hulowa.

Tulipofika shambani kwa matufaha, mwenzetu aliketi kwenye kreti chini ya mti, akalifungua taulo lake, akalitazama kwa muda mrefu. Lilikuwa bado na uvuguvugu. Tuligeuka tukajifanya tunahesabu matufaha. Tulipogeuka tena alikuwa amefika katikati ya tonge la kwanza, amekunja uso kwa uchachu, akasema kwa sauti, "Jamani, hiki cha ndani ni kikali!" Akala na la pili. Hatukupiga makofi wala kusema haleluya, ingawa tulitaka. Akina mama, kuna nyakati ambazo kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuimba kwaya.

Jioni Bibi alitueleza alikojifunza. Chini ya Mlima Iwaki aliishi mwanamke Mkristo, Mkatoliki, aitwaye Sato Hatsume, aliyezaliwa mwaka 1921. Alipokuwa msichana aliugua kifua kikuu kwa miaka mingi, na kutokana na ugonjwa huo akaamini kwamba chakula kilichoandaliwa kwa uangalifu kina nguvu ya kumwinua mtu. Mwaka 1983 aliifungua nyumba yake mwenyewe kwa watu waliolemewa na maisha, na mwaka 1992 akafungua nyumba nyingine mlimani, akaiita Mori no Isukia, maana yake Ischia ya Msituni, kwa jina la kisiwa cha Italia. Hakuwa mhubiri wala daktari. Mtu alikuja, akapikiwa, akasikilizwa, akaenda zake. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja aliyekuwa ameamua kujiua alifungashiwa matonge akiondoka. Alipoyafungua njiani akakuta yamefungwa kwa taulo na mtu aliyefikiria hata wali usilowe, na pale pale akaacha kusudi lake. Filamu ya mwaka 1995 ilimfanya ajulikane Japani nzima, lakini aliendelea kufumbata wali mpaka uzee. Alifariki Februari 2016, akiwa na miaka 94. Bibi yetu alikuwa amewahi kuketi mezani pake, na lile tonge la duara, mwani kulizunguka lote, na taulo, aliyatoa huko.

Mwenzetu alisikiliza yote akiwa amekunja lile taulo magotini.

Kuhusu mwani tunayo hadithi nyingine, nayo wanawake walioolewa wataipenda. Zamani wavuvi wa Japani walipanda nori kwa kubahatisha, maana hakuna aliyejua mbegu zake zilikaa wapi wakati wa joto. Aliyegundua ni Mwingereza, Kathleen Drew-Baker. Alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Manchester mpaka alipoolewa mwaka 1928, ndipo akaondolewa kazini, kwa kuwa chuo hakikuajiri wanawake wenye waume. Aliendelea na utafiti bila mshahara huku akilea watoto wawili, na mwaka 1949 akaandika katika jarida la Nature kwamba mwani wa jamii ile huishi sehemu ya maisha yake ndani ya makombe ya bahari. Kutokana na hayo Wajapani walijifunza kuuotesha kwa hakika. Alifariki mwaka 1957 bila kufika Japani. Lakini mjini Uto, mkoa wa Kumamoto, kando ya Bahari ya Ariake, walimjengea mnara mwaka 1963, na kila tarehe 14 Aprili hukusanyika kumkumbuka.

Tusiwadanganye kwamba huko kila kitu ni tele. Mwaka ule wa 2024 mchele ulikuwa umeadimika madukani mwao, na kufikia Mei 2025 bei ilikuwa karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Bibi alipima kwa kikombe na kukusanya punje zilizobaki kwenye mwiko, moja moja, akazila.

Tuliporudi Moshi tulijaribu. Tulidhani mambo yangekuwa mepesi, kwa kuwa sisi ni watu wa mpunga: mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi yalijengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Lakini mchele unaopendwa hapa ni ule wa kuchambuka. Jumamosi ya kwanza tulifumbata, nao ukamwagika mezani kama kokoto. Watoto walifurahi, wakala kwa kijiko. Jumamosi ya pili tulizidisha maji, tukapata mashendea kamili, yale yale ya siku ya mama mkwe.

Ni mwenzetu aliyepata jibu. Alisema, "Tunatafuta mchele mzuri, na shida ni huo uzuri wake. Tutafuteni ule tunaoukataa." Kila mama anajua kwamba mchele mpya, uliotoka shambani majuzi, hushikana, na kwamba chenga huongeza kunata. Ndiyo sababu huwa tunauliza, "Huu ni wa zamani?" kabla ya kutoa fedha. Tukaenda sokoni pamoja.

Muuza mchele tuliyemwendea alikuwa hajamwona mwenzetu tangu mwanzoni mwa mwaka uliopita, wala hakuwa na habari. Akamwona kwa mbali, akanyoosha mikono, akamwita kwa sauti kubwa kwa jina lile, la mtoto. Sisi wanne tulisimama kama waliomwagiwa maji ya barafu. Mwenzetu akasimama pia. Kisha akaitika, "Abee."

Akaendelea, "Nipimie kilo mbili za mchele mpya. Nataka wenye chenga."

"Mama, leo umefuga kuku?"

"Sina kuku. Nataka kupika."

Yule mama alimtazama, akatutazama na sisi, akapima kimya kimya kama mtu anayemwuzia mgonjwa. Tangu siku ile tunamwita kwa jina lake la zamani, naye huitika.

Kwa wenye kutaka kujaribu, tulifika hapa. Mchele mpya vikombe viwili, chenga zake zisitolewe. Uoshwe vizuri, ulale majini nusu saa, kisha maji vikombe viwili na nusu. Usitie mafuta, usipalie mkaa, usifunue. Wali ukiwa wa moto wa kuvumilika, nawa mikono kwa sabuni, lowesha viganja, paka chumvi. Mahali pa umeboshi tunatia achari ya ndimu, kipande kidogo sana. Watoto wanapendelea samaki wa kukaanga aliyechambuliwa miiba. Mmoja wetu aliagiza mwani wa Zanzibar, ule unaolimwa zaidi na wanawake wa pwani, akaupika. Mwani ule si wa jamii ya nori. Ulimtokea utelezi wenye chumvi, na mumewe anaomba usirudiwe. Sisi tunatumia kipande cha jani la mgomba lililopitishwa motoni, la kushikia tu. Na kwa joto letu, tonge lisingoje kesho. Liliwe ndani ya saa chache, maana wali uliolala huweza kuumiza tumbo hata kama haujanuka.

Mwezi uliopita jirani wa mtaa wa pili alifiwa na mtoto mchanga. Watu walikuja na sufuria za pilau na sukari na majani ya chai, kama ilivyo desturi, na nyumba ilijaa. Mwenzetu hakuingia na umati. Alingoja mpaka siku ya sita, wageni walipokwisha, akapika alfajiri. Sisi tulimsindikiza mpaka getini tu. Alimkabidhi yule mama mkononi taulo dogo la rangi ya maji ya bahari, tukalitambua ni lile la Bibi, akarudi bila kukaa.

Kwetu chombo hakirudi kitupu. Siku ya tatu mtoto wa nyumba ile alikuja kwa mwenzetu na taulo limefuliwa na kukunjwa, na juu yake maparachichi mawili.